Unga Umechacha

Mama mmoja muuza vitumbua, jirani yetu hapa Tandika, alikuwa na saa yake ya kulala. Akishakoroga unga wa mchele kwa tui, iliki na hamira, anafunika sufuria kwa kawa. Saa nne usiku yuko kitandani. Saa kumi alfajiri jiko linawaka, na kumi na mbili bodaboda na wanafunzi wamemzunguka.

Mwanawe akamnunulia simu janja, ikamfaa: oda ziliingia, picha za wajukuu zikaja. Usiku mmoja, bando la siku likikaribia kuisha muda, akaona heri alimalize kuliko lipotee bure. Video ya mapishi ikaleta ya vichekesho, ya vichekesho ikaleta ya ugomvi wa wasanii. Kila moja ni dakika tu. Kuinua macho, saa nane.

Aliamshwa na honi za bodaboda. Unga ulikuwa umeumuka ukainua kawa, ukatiririka hadi sakafuni, sisimizi wamejipanga. Akachovya kidole, akaonja: umechacha. Wateja walikwishahamia mtaa wa pili.

Laiti ingekuwa mara moja. Mwezi mzima kichwa kilimgonga, wajukuu akawafokea kwa makosa madogo, mafuta yakamrukia mkononi akisinzia mbele ya kikaango. Alilaumu joto, akalaumu mkaa. Simu hakuilaumu.

Na kweli si uvivu wake tu. Unga una mwisho: ukikwangua sufuria, kazi imekwisha. Simu haina pa kukwangua. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usiokoma, unaojiongeza kadiri unavyoushusha kwa kidole. Baadaye mwenyewe alikiri kujutia. Mahali pa kusimama pakiondolewa, mtu hupita bila kujijua. Haba na haba hujaza kibaba, nazo dakika hujaza usiku.

Mama hakuitupa simu. Alinunua saa ya mezani ya kumwamsha, na simu ikahamia sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Huko ndiko inakochajiwa tangu saa tatu usiku.

Juzi nilimuuliza, “Mama, na oda za usiku je?”

Akageuza kitumbua, akacheka. “Mwanangu, kwani mla vitumbua yeye halali?”