Mkono Kwanza



Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail ilikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi pia. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga kwa topido. Meli ikazama kwa dakika mbili hivi. Yaani hata kumi moja ya rozari huimalizi.

Walionusurika walibaki wakielea. Shida ni kwamba nyambizi ilikuwa bado chini, eneo lilelile. Manowari za Kiingereza zilizolinda msafara zikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, na watu wao wenyewe wakiwa pale majini. Nyambizi ilizamishwa. Walioopolewa hai walizidi 200 kidogo tu.

Kwenye falsafa tulifundishwa kanuni ya matokeo mawili: tendo moja, tokeo jema unalolikusudia na baya usilolikusudia. Kwenye mtihani niliijibu vizuri tu. Niliposoma habari hii nilikosa la kusema. Nahodha akiiacha nyambizi, meli nyingine zinaweza kuzama. Akishambulia, anawaua aliotumwa kuwalinda. Mimi simhukumu. Ila nimejifunza kwamba kanuni inasaidia kufikiri, haifuti machozi. Aliyemo majini si “tokeo”. Ana jina, ana mama.

Sasa sisi je? Binti wa kwaya akipata mimba, tunamtoa kimyakimya “kulinda jina la kikundi”. Rafiki akizama kwenye ulevi, tunamfuta kwenye kundi la simu. Tunasema hakuna namna. Kusema kweli, namna ipo. Yule nahodha alikuwa na nyambizi chini yake. Sisi tunaogopa maneno ya watu tu.

Petro alipoanza kuzama, Yesu alimshika kwanza, ndipo akamuuliza kwa nini aliona shaka. Mkono kwanza, swali baadaye. Sisi tunaanza na maswali, mtu akiwa anakunywa maji.

Wiki hii mtafute mmoja uliyemwacha majini. Mpigie, usimhubirie. Na ukifika Nairobi, pita makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Askari wetu wa meli ile wanakumbukwa pale kwa majina, maana kaburi lao ni bahari. Waombee raha ya milele.

Mungu awabariki.