Kuuliza Nini Kabla ya Kuuliza Nani

Wengi hudhani ya kuwa elimu ya afya ni kuyajua majina ya magonjwa na dawa zake, na ya kuwa faida yake ni ya mwenye kuisoma tu, ili apate kuulinda mwili wake. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Elimu hii ni deni pia tulilo nalo kwa jirani, maana asiyekuwa nayo aweza kumdhulumu mtu asiye na hatia, naye akidhani ametenda haki.

Tuitazame nchi hii ya Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu. Mahali pengi miti ni haba na kuni hupatikana kwa taabu. Kwa hiyo wanawake wengi wamepikia mavi makavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyeuinamia moshi huo miaka arobaini, macho yake huwa mekundu. Wengine wana vikope, ugonjwa wa vijidudu vinavyochukuliwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi, hata mwisho kope hugeuka ndani na kuikwaruza mboni ya jicho. Basi mara nyingi wekundu huo ni alama ya kazi: ni ushuru alioulipa mama kwa kuwalisha wanawe.

Lakini alama hiyo imesomwa vingine. Kwa miaka mingi katika Usukuma vikongwe wenye macho mekundu wametuhumiwa uchawi, na wengi wameuawa kwa mapanga. Mambo huenda hivi. Mtoto hushikwa na homa, hutetemeka na kukakamaa. Watu husema ni degedege, wala si ugonjwa wa hospitali. Kumbe mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, ambayo vijidudu vyake Ronald Ross aliviona ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Mtoto hufa. Wazazi huenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemwua, naye hutaja mtu, au dalili ya mtu. Ndipo ujinga wa namna mbili, ule wa homa na ule wa macho, hukutana juu ya bibi mmoja.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni ya Wasukuma peke yao. Tauni ilipokuwa ikiwamaliza watu wa Ulaya, wao nao waliuliza nani. Wakasema Wayahudi wametia sumu visimani, na mwaka 1349 katika mji wa Strasbourg wakawachoma moto kwa mamia. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Visima havikuwa na kosa, wala Wayahudi.

Yamkini mfiwa atanijibu: "Mwalimu, mbu tumemjua, lakini mbona alimwuma mtoto wangu akafa, na wa jirani akapona?" Swali hili si la kipumbavu. Ni swali la msiba, wala hakuna darubini iwezayo kulijibu lote. Hata wanafunzi wa Bwana wetu, katika Injili ya Yohana sura ya 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake; naye Bwana hakumtia hatiani hata mmoja. Ikiwa Yeye hakumtaja mtu, mpiga ramli amepata wapi ruhusa ya kumtaja? Mfiwa ana haki ya kulia; hana haki ya kumtafuta wa kumlipiza.

Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Jambo hilo ni jema, lakini sheria yaweza kumfunga mpiga ramli, haiwezi kulifunga swali lililo moyoni. Hilo hugeuzwa kwa mafundisho, nayo si mafundisho mpaka yaeleweke. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwa zahanati haimfundishi asiyejua kusoma, wala maneno ya kitaalamu hayamfundishi mama ajuaye Kisukuma tu. Tabibu amwelezapo mama chanzo cha homa, yampasa kumpa nafasi ya kuuliza, kisha amwombe aeleze mwenyewe alivyofahamu. Mwalimu naye asiridhike mtoto akijua kuliandika neno malaria; amtume nyumbani akawaeleze wazazi kwa nini macho ya bibi ni mekundu, na kwa nini jiko lapasa kuwa na dirisha.

Basi kuwa na elimu ya afya ni kujizoeza kuuliza nini kabla ya kuuliza nani. Aulizaye nini hufika kwa mbu, kwa nzi na kwa moshi, ambao twaweza kupigana nao bila dhambi. Aulizaye nani hufika usiku mlangoni kwa kikongwe. Na katika vijiji vyetu wako akina bibi ambao uhai wao wategemea ni swali lipi litakaloulizwa kwanza.