Hodi ya Kompyuta

Kwetu mtu hubisha hodi akangoja karibu, hata kama ni ndugu. AnyDesk nayo ina hodi yake: naandika namba ya kompyuta ya mama, na kule Kakamega kidirisha kinatokea kumuuliza kama anakubali. Akibonyeza, mshale wake unaanza kufuata mkono wangu ulioko Umoja, Nairobi.

Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo. Kabla ya tarehe 30 Juni tulijaza ritani za KRA pamoja, simu ikiwa kwa spika, yeye akisoma hesabu za P9 yake ya ualimu, mimi nikichapa. Lakini kidirisha kilimchosha. Mara hajakiona, mara amebonyeza kukataa. Nikaweka nywila ya kudumu, ndiyo niwe naingia bila kungoja mtu akubali. Mama akasema sawa.

Sawa ya nini, hasa? Fundi wa bomba ukimwachia ufunguo, hujamruhusu afungue droo. Ila fundi hupita mlangoni, akaona sebule, akaelekezwa jikoni. Mimi naletewa skrini nzima kwa mpigo. Siwezi kutengeneza printa bila kuona kilichoachwa wazi, kwa hivyo sijilaumu kwa kuona.

Najilaumu kwa kile kilichofuata. Ilikuwa saa nne usiku, nimeingia kurekebisha hiyo printa, na kulikuwa na barua wazi. Mama alikuwa anaiomba sacco imwongezee muda wa kulipa mkopo. Ule wa karo yangu. Aliniambia uliisha kitambo. Nikasogeza chini, nikasoma hadi jina lake.

Unaweza kusema mkopo ule unanihusu. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kama ungekuwa wangu kuujua, si ningemuuliza tu?

Sasa, Remote Desktop ya Windows ukiingia nayo, skrini ya mwenyewe hujifunga. AnyDesk haifungi, aliyekaa pale anaona kila unachogusa. Nilidhani amelala. Nikiwa bado kwenye jina lake, mshale ukasogea na mimi sijagusa kitu. Polepole, vile yeye huusogeza. Ukafika pembeni, ukafunga barua.

Hakuna aliyempigia mwenzake. Asubuhi akanitumia ujumbe: printa imekubali, asante, umekula?

Nywila bado iko. Kuifuta, inabidi niingie tena.