Kuketi Chini Pamoja na Mgonjwa

JUMANNE

Soma Ayubu 2:11–13, 4:7, 8, na 42:7. Rafiki zake Ayubu walifanya jambo gani jema walipofika? Walianza kukosea wapi?

Rafiki watatu walitoka kila mmoja kwao, wakalia walipomwona Ayubu, kisha wakaketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku. Hawakunena neno, kwa kuwa waliona jinsi uchungu wake ulivyokuwa mkuu. Hiyo ndiyo huduma bora waliyompa. Kosa lao lilianza walipotaka kueleza chanzo cha mateso yake. Hapo mtu mwenye maumivu akageuzwa kuwa mshtakiwa, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea.

Kosa hilo lingali linarudiwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Mtu ambaye saratani imeenea mwilini mwake huombewa, kisha huulizwa kama kuna dhambi asiyoiungama. Mwingine huambiwa kwamba kutumia dawa ya maumivu ni upungufu wa imani. Wengine huacha kabisa kumtembelea, kwa kuwa hawajui la kusema.

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Ombi la Hezekia na dawa aliyotumia vilihusianaje?

Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya mfalme, lakini Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ombi na dawa havikushindana. Basi hakuna aibu kwa mwamini kutulizwa maumivu, hata pale ugonjwa wenyewe unapokuwa hautibiki tena.

Huko London, Cicely Saunders, Mkristo aliyeanza kazi kama muuguzi, aliona watu wakifa kwa saratani bila maumivu yao kutulizwa ipasavyo. Alisoma udaktari kwa ajili yao, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Alifundisha kwamba dawa itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, na kwamba mgonjwa huumia mwilini, moyoni, rohoni na katika hali ya jamaa zake. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako mofini ya unga ilichanganywa na maji ili mgonjwa ainywe akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo, ili aliye kijijini asiteseke akimngoja daktari aliye mbali.

Soma Yohana 19:25–30. Saa ya kufa kwake, Yesu alihitaji nini? Naye alimkumbuka nani?

Mwokozi alisema kwamba ana kiu. Aliyeumba mito na visima alifikishiwa sifongo midomoni. Tena, katikati ya mateso yake, alimwona mama yake akiwa amesimama pale, akamweka chini ya uangalizi wa mwanafunzi aliyempenda.

Mambo hayo mawili huonekana katika kazi ya muuguzi mwema. Hulowesha kwa maji midomo iliyokauka. Humgeuza mgonjwa taratibu asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Husafisha kidonda chenye harufu bila kukunja uso. Kisha humgeukia binti aliyekesha siku nyingi, humwuliza kama amekula, naye huketi mahali pake ili alale kidogo. Jamaa wa mgonjwa naye anahitaji kuuguzwa.

Mwamini aketipo hapo hahitaji kuahidi kwamba mgonjwa atainuka kesho. Anayo ahadi iliyo hakika zaidi: wafu walio katika Kristo watafufuliwa (1 Wathesalonike 4:16), na Mungu atafuta kila chozi (Ufunuo 21:4). Anayeliamini hilo haogopi kubaki chumbani, hata dawa za kuponya zinapokuwa zimekwisha.

Je, ni nani kanisani kwenu anayemuuguza mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona? Kabla ya Sabato, ni kazi gani moja ya mikono unayoweza kumpokea: kuchota maji, kufua mashuka, kukesha usiku mmoja? Utajizuiaje usiseme neno ambalo lingemwongezea mzigo?