Je, Kila Mdudu Shambani ni Adui?

Mtu akiumwa na maji moto, yaani wale chungu wekundu washonao majani ya mwembe kuwa nyumba, shauri lake la kwanza ni kutafuta moto awateketeze. Hatumlaumu. Lakini leo twataka kuuliza kama atuumaye ni adui sikuzote, na tutalitazama neno hili katika mashamba ya kakao, hasa ya Ghana, ambako zao hilo ni riziki ya jamaa nyingi mno. Nasi huku tunao wakulima wake, kule Kyela.

Huko Ghana wako kunguni wa kakao, wafyonzao maji ya matunda na machipukizi. Wachomapo mdomo, pahali pale hugeuka peusi, na ncha ya tawi hufa. Katika miaka ya 1950 wakulima walianza kuwapiga kwa dawa iitwayo lindani. Ilisaidia kweli, wala si haki kulificha neno hilo. Baadaye walitokea kunguni wasioidhurika nayo. Na watu wengine waliichukua wakaimwaga majini wapate kuvua samaki, wakawalisha wenzao sumu kwa jina la kitoweo. Mwaka 2009 mataifa yalipatana kuiondoa katika kilimo.

Dawa ya namna hii haina macho. Humwua kunguni, humwua na maji moto amwindaye kunguni, humwua na yule nzi mdogo kuliko mbu achukuaye chavua kutoka ua hata ua, ambaye pasipo yeye maua mengi ya kakao huanguka bure. (Nzi huyo huzaliwa katika majani na maganda yaozayo; kwa hiyo mkulima apendaye shamba lifagiliwe kama uwanja hujipunguzia matunda.)

Wengine hutwanga mbegu za mwarobaini, huziloweka usiku kucha, huchuja, kisha hunyunyiza. Wadudu hukosa hamu ya kula, na watoto wao hushindwa kujivua ngozi wapate kukua. Nguvu yake huisha juani baada ya siku chache, basi yataka bidii. Walakini tusidhani kwamba kitokacho mtini hakina hatia: tumbaku nayo ni jani, na maji yake huweza kumwua mtu.

Je, tuna deni kwa maji moto? Yeye hakukusudia kutufaa; anatafuta chakula chake tu, tena hufuga vidudu vingine wanyonyao mti, ili apate utamu wao. Twaona hatuwezi kumshukuru kama mtu amshukuruvyo rafiki. Lakini ajuaye kazi ya kiumbe, kisha akamwua kwa hasira ya kuumwa mara moja, ameharibu kwa kujua, na hasara itamfikia mtoto wake na jirani anywaye maji ya mto ule ule.

Liko neno moja gumu zaidi, nalo husahauliwa na wasifuo chungu hawa. Mwenye shamba huamuru wasiguswe. Lakini akataye matunda ni kibarua, na ndiye aumwaye. Kama faida ni ya mmoja na maumivu ni ya mwingine, wema huo tumeununua kwa ngozi ya mtu. Mwenye shamba na ampe kibarua jivu la kujipaka mikononi na miguuni, amwongezee ujira, na siku ya mavuno akate naye.