Msiwaache Watoto Wakae Mbalimbali

Walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mlio madarasani na mabwenini, nisikilizeni!

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wanamgambo wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera. Wakawaamuru abiria wajitenge: Waislamu huku, Wakristo kule. Kila abiria alijua maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, watu 28 walishushwa kwenye basi wakauawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Aprili ya 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa na al-Shabaab, kikazika wanafunzi wake. Waliouawa pale walikuwa 148. Lakini abiria wa Desemba walikataa kutengana. Wanawake wa Kiislamu waliwafunika wenzao Wakristo kwa hijabu zao, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, Mwislamu na mwalimu, alipigwa risasi siku ile akiwakinga Wakristo, akafariki Nairobi Januari 2016.

Mwalimu! Mtu wa chaki na daftari kama sisi.

Sasa tazameni shule zetu. Kengele ya kipindi cha dini inalia. Wakristo wanabaki darasani, Waislamu wanatoka na mwalimu wao, na wasipokuwa naye wanakwenda kukaa chini ya mti. Sipingi kila mtoto kufundishwa dini yake, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa uhuru huo, na ni uhuru wa thamani kubwa. Kinachonichoma moyo ni kwamba wakishatoka hatuwakutanishi tena juu ya jambo hilo. Msichana Mkristo anamaliza shule bila kujua kwamba Mariamu, mama wa Yesu, ana sura nzima kwa jina lake katika Kurani. Mvulana Mwislamu anamaliza hajui kwa nini mwenzake Mkatoliki alikuja na majivu kwenye paji la uso. Na kwa kuwa hawajui, wanajazwa uvumi. Mtoto Msomali anaitwa gaidi uwanjani, mwingine anaitwa kafiri kwenye foleni ya chakula, nasi watu wazima tunasema ni utani wa watoto. Si utani! Tukiunyamazia, tumeufundisha.

Mzazi, najua unachokiogopa. Unaogopa mwanao atapotoka. Lakini nani amekwambia kumsikiliza jirani ni kuacha imani? Wewe Mwislamu, soma tena aya ya 13 ya Sura ya Al-Hujurat: Mungu ameyafanya mataifa na makabila yapate kujuana. Kumbuka waliomfuata Mtume walipoteswa Makka: walikimbilia Habasha, na mfalme Mkristo, Najashi, akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Wewe Mkristo, fungua Luka sura ya 10. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimsifu Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakutaka hata kuabudu naye. Hayo yamo katika vitabu vyetu wenyewe. Kwa nini tumewaficha watoto?

Ninaomba kipindi kimoja tu kila muhula. Darasa lote likae pamoja. Anayefunga Ramadhani aeleze kwa nini hanywi hata maji mchana. Anayefunga Kwaresima aeleze ya kwake. Mhindu aeleze taa za Diwali. Maswali yaulizwe, hata yale magumu, na mwalimu asikimbie. Asiwepo wa kuvuta mtu aingie dini yake, wala wa kucheka sala ya mwenziwe.

Mwalimu mkuu, ratiba ya muhula ujao iko mikononi mwako. Kitie kipindi hicho. Shehe na mchungaji mnaokuja shuleni kwa siku tofauti, njooni siku moja, mketi meza moja, watoto wawaone. Nanyi wanafunzi, msingoje ratiba. Leo jioni, baada ya michezo, mtafute yule usiyeijua ibada yake, umuulize kwa adabu, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.