Upelelezi Haujakamilika Mpaka Lini?

Ndugu zangu wa Kongwa! Nina neno la hasira na neno la kusihi, na yote mawili ni kwa ajili ya watoto wetu.

Mnajua wanavyoondoka. Mvua inakatika mapema, uwele unaungua shambani, na kiangazi kikikolea anafika mama aliyevaa vizuri, mara nyingi ndugu wa ndugu yetu. Binti atapata kazi za ndani Dar es Salaam, pengine atasomeshwa. Tunampa. Anapandia basi Kibaigwa na kifurushi chake. Huko anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Akiuliza mshahara, anajibiwa, "Nakutunzia." Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inauita huo uhalifu, na kwa mtoto haikubali utetezi kwamba mzazi aliridhia. Sikieni vizuri, wazazi: ridhaa yenu haimtakasi aliyemchukua.

Kisha jirani mwenye hofu ya Mungu anatoa taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linafika, afisa ustawi wa jamii anaandika maelezo, binti anapelekwa nyumba salama, ambayo kwa kawaida inaendeshwa na mashirika ya hiari. Tunapiga vigelegele. Tunadhani amewekwa huru.

Hajawekwa huru! Kesi inatajwa: upelelezi haujakamilika. Inatajwa tena: upelelezi haujakamilika. Jalada limepelekwa kuombewa maelekezo. Hakimu amehamishwa. Shahidi hakuitwa. Binti anakaa katika nyumba isiyo yake, hana mshahara wake, hajui lini ataitwa wala ataulizwa nini. Mwisho anachoka, anarudi kijijini mikono mitupu, na siku ya ushahidi ikifika hana nauli. Kesi inaondolewa. Yule mama anapanda basi, anakuja kutafuta mwingine.

Fungueni Yeremia 34. Mji umezingirwa, mfalme Sedekia na wakuu wake wanafanya agano la kuwaachilia watumwa wao. Wakawaachilia kweli. Jeshi la Babeli liliporudi nyuma kidogo, wakawakamata walewale na kuwatia utumwani upya. Ghadhabu ya Mungu katika sura ile inawaka juu ya waliotoa uhuru kisha wakaunyang'anya. Sisi nasi tunamtoa mtoto jikoni kwa bosi wake, kisha tunamfungia ndani ya jalada. Nani alitupa ruhusa hiyo?

Msiniambie ni umaskini unaotuchelewesha. Uingereza ina fedha, kompyuta na mawakili, na bado waliopata uamuzi wa mwisho mwaka 2023 kama ni wahanga wa utumwa wa kisasa au la, nusu yao walikuwa wamesubiri siku 526 au zaidi. Ndiyo nchi ileile ambako mkimbiaji Mo Farah aliletwa akiwa mtoto, kwa jina la mtoto mwingine, akatumikishwa nyumbani kwa watu. Alikuja kuutangazia ulimwengu habari hiyo mwaka 2022, medali za dhahabu za Olimpiki zikiwa tayari shingoni. Kasi haiji kwa fedha peke yake. Inakuja kwa kile tunachokithamini.

Na kasi sisi tunaijua! Ng'ombe wakiibwa Ugogo, yowe linapigwa usiku uleule, vijana wanafuata nyayo, hakuna anayesema tungoje mwezi ujao. Binti wa mtu ni mdogo kuliko mtamba?

Na utumwa nao tunaujua: misafara ya pembe na watumwa ilipita katika nchi hii ya Ugogo ikielekea Bagamoyo. Tanganyika iliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Kuanzia 1964 Kongwa yetu ikawapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO na Samora Machel, kisha ANC, SWAPO na wengine. Wazee wetu waliishi nao jirani, wakijua wanapigania uhuru wa watu ambao wao hawajapata kuwaona. Watoto hawa tumewaona. Tumewabatiza.

Kwa hiyo nakusihi wewe mpelelezi, wewe mwendesha mashtaka, wewe hakimu: tafuta leo jalada la mtoto lililokaa chini ya mengine, ulipandishe juu. Mweleze kesi yake imefika wapi, hata kama jibu ni chungu. Mtendaji wa kijiji, andika jina na simu ya kila anayekuja kuchukua watoto, na mahali anapowapeleka. Na ninyi makanisa na misikiti ya Kongwa, mnaochangia mabati na vipaza sauti, tengeni mfuko wa nauli za mashahidi. Tarehe ya kesi itangazwe Jumapili na Ijumaa kama tunavyotangaza harusi, na siku hiyo watu wazima watatu au wanne wapande basi pamoja na binti, wakae naye mahakamani mpaka jina lake liitwe. Kesi ikiahirishwa, warudi naye tarehe inayofuata.